Herufi za Kilithuania zinapoharibika kwenye breli ya kompyuta: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Kilithuania kina herufi 32. Tisa kati ya hizo, yaani ą, č, ę, ė, į, š, ų, ū na ž, hazimo katika alfabeti ya Kilatini tuliyoizoea, na karibu kero zote za kusoma lugha hii kwa nukta nundu kwenye kompyuta hutokana na hizo tisa. Msomaji anapitisha vidole kwenye kionyeshi cha breli, kile kifaa kinachoinua nukta za kuguswa, anakuta tarakimu mahali pa herufi, au mlolongo wa alama zisizosomeka, au neno linalosomeka vizuri kabisa ambalo silo lililoandikwa. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halijionyeshi kuwa ni kosa.

Kuna ushauri unaotolewa kwa wepesi sana: zipuuze zile alama za juu na chini, soma herufi tupu, maana utaipata. Sikubaliani nao hata kidogo. Kasti ni kuchimba, kąsti ni kung'ata. Siųsti ni kutuma, siusti ni kughadhabika. Tena alama hizo hubeba sarufi: galva ni kichwa kikiwa kiima cha sentensi, galvą ni kichwa kikiwa kinachotendwa, namų ni "za nyumba", namu ni "kwa nyumba". Anayeona hasomi herufi tupu, basi asiyeona asilazimishwe kuzisoma.

Breli ya kompyuta ina kanuni moja iliyo tofauti na breli ya vitabuni: kila alama ya kwenye skrini hupata seli moja, yaani kikundi kimoja cha nukta, si zaidi na si pungufu. Ndiyo maana hutumia nukta nane badala ya sita. Nukta sita hutoa maumbo 63 ukiacha seli tupu, nayo hayatoshi hata kwa alama 95 za msingi za kibodi ya Kiingereza. Nukta nane hutoa maumbo 256 pamoja na seli tupu. Weka zile 95, ongeza herufi 18 za Kilithuania (tisa ndogo na tisa kubwa), na nafasi bado ni tele. Kwa hiyo herufi ikipotea, usiamini anayekwambia kwamba breli haiwezi kuibeba. Imepotea njiani, na kazi yetu ni kutafuta ilipotea wapi.

Njia yenyewe ina vituo vinne. Faili huhifadhi namba. Programu inayolifungua huzigeuza namba hizo kuwa herufi. Kisoma skrini huchukua kila herufi na kuitafutia umbo lake katika jedwali la breli. Kifaa huinua nukta. Watu wengi hukimbilia kubadilisha jedwali kabla ya kujua kama herufi ilifika ikiwa nzima, na hapo ndipo wanapopoteza siku nzima.

Kipimo cha kuanzia

Fungua faili jipya, lihifadhi kwa UTF-8, usimbaji wa kisasa (usimbaji ni utaratibu wa kugeuza herufi kuwa namba), kisha nakili humo sentensi hii:

Įlinkdama fechtuotojo špaga sublykčiojusi pragręžė apvalų arbūzą.

Walithuania huitumia kujaribia fonti, kwa kuwa ina herufi zote tisa ndani yake. Inamzungumzia mpiganaji wa upanga aliyetoboa tikiti maji la mviringo. Ikisomeka sawasawa kwenye kionyeshi wakati faili lako la awali halisomeki, basi ubovu uko kwenye faili na jedwali lako halina hatia. Isiposomeka, ubovu uko kwenye jedwali au kifaa, na usiliguse faili la mtu.

Kipimo cha pili ni kuuliza namba ya herufi. Katika NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, weka kishale cha mapitio juu ya herufi, kisha bonyeza 2 ya kibodi ya namba mara tatu haraka. Kwenye mpangilio wa kompyuta mpakato ni kitufe cha NVDA pamoja na nukta, mara tatu. Utatajiwa namba ya herufi ilivyo kweli, bila kujali breli inaonyesha nini. Namba unazozitarajia za Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni hizi:

ą 261 (kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, ni 0105)
č 269 (010D)
ę 281 (0119)
ė 279 (0117)
į 303 (012F)
š 353 (0161)
ų 371 (0173)
ū 363 (016B)
ž 382 (017E)

Herufi kubwa ya kila moja ni namba hiyo ukitoa moja. Iweke orodha hii karibu, maana sehemu kubwa ya yanayofuata inaitegemea.

Mahali pa herufi panatokea '\x0117' au kitu cha namna hiyo

Hii ni habari njema. Maana yake herufi imefika nzima hadi kwa kisoma skrini, ila jedwali halina umbo lake. Maktaba ya kutafsiri breli iitwayo liblouis, ambayo NVDA na programu nyingine nyingi huitegemea, ikikutana na herufi isiyoijua huandika namba yake badala ya kuitupa. Tatizo ni kwamba '\x0117' hula seli nane. Neno lenye herufi mbili za namna hii huchukua karibu nusu ya kionyeshi cha seli 40.

Tiba ni kuchagua jedwali la Kilithuania la nukta nane kwenye mipangilio ya breli ya NVDA, katika orodha ya jedwali la kuonyesha. Ukiwa umeiachia programu ijichagulie yenyewe, fahamu kwamba hufuata lugha ya NVDA, haifuati lugha ya maandishi unayoyasoma. Mtu anayetumia NVDA ya Kiingereza au ya Kiswahili hatapewa jedwali la Kilithuania kwa sababu tu amefungua waraka wa Kilithuania.

Kwa msomaji anayechanganya Kiswahili na Kilithuania, jedwali hilo halimzuii chochote. Kiswahili huandikwa kwa herufi za msingi tu, hata ng' ni herufi mbili na kistari cha juu, na jedwali la kompyuta la Kilithuania lina herufi zote za msingi, pamoja na w ambayo haimo katika alfabeti ya Walithuania. Usilazimike kubadilisha jedwali kila unapobadilisha lugha.

Kwenye Linux, BRLTTY, programu inayoendesha vionyeshi vya breli, hutumia majedwali yake. Kwa kawaida huchagua jedwali kulingana na lugha ya mfumo. Ikiwa mfumo uko katika lugha nyingine, fungua /etc/brltty.conf, andika text-table lt, kisha uanzishe upya huduma ya BRLTTY. Orca, kisoma skrini cha Linux, hupitia njia hiyohiyo inapoonyesha breli isiyofupishwa, kwa hiyo usitafute tiba ndani ya Orca kabla hujaangalia hapo.

Baadhi ya herufi zinasomeka, nyingine hapana

Angalia ni zipi zinazosomeka, nazo zitakuambia umevaa jedwali la nani. Zikipita ą na ę tu, una jedwali la Kipolandi. Zikipita č, š na ž, una la Kicheki au la majirani zake. Zikipita hizo tatu pamoja na ū, una la Kilatvia.

Kuna wanaochagua jedwali la jirani kwa makusudi, kwa kuwa kifaa chao cha zamani hakina la Kilithuania. Ni hatari zaidi ya inavyoonekana, kwa sababu umbo moja la nukta hubeba maana tofauti kila nchi. Chukua Kipolandi: ą ni nukta 1-6, na ę ni 1-5-6. Katika breli ya kompyuta ya Wajerumani nukta 1-6 ni tarakimu 1, na 1-5-6 ni tarakimu 5. Katika mfumo wa Marekani wa breli ya kompyuta tarakimu ni maumbo yaleyale ya a hadi j yaliyoshushwa safu moja, hivyo 1 ni nukta 2 peke yake. Msomaji aliyefundishwa mfumo mmoja akipewa jedwali la mwingine, anasoma namba katikati ya neno, au mbaya zaidi, anasoma herufi katikati ya namba ya akaunti.

Kwa hiyo kabla ya kulilaumu jedwali, muulize msomaji alifundishwa maumbo gani. Alfabeti ya nukta nundu ya Kilithuania hupatikana kwa vyombo vya Walithuania wenyewe, kama chama chao cha wasioona na wenye uoni hafifu, LASS, na maktaba yao maalumu iliyoko Vilnius. Linganisha umbo kwa umbo. Njia rahisi ni kuhesabu: nukta 1 ina thamani 1, nukta 2 ni 2, nukta 3 ni 4, nukta 4 ni 8, nukta 5 ni 16, nukta 6 ni 32, nukta 7 ni 64, na nukta 8 ni 128. Jumlisha zilizoinuka, ongeza kwenye U+2800, umepata namba ya umbo hilo katika Unicode. Nukta 1-6 ni 33, kwa heksadesimali 21, basi ni U+2821. Kwa namba hiyo unaweza kumwandikia mtu aliye mbali umbo ulilogusa bila kuelezana kwa maneno na kuelewana vibaya.

Neno ačiū linasomeka aèiû

Ačiū ni asante. Ukiuliza namba ya herufi ya pili ukaambiwa 232 badala ya 269, jedwali halihusiki kabisa. Faili limeandikwa kwa usimbaji wa zamani wa nchi za Baltiki, Windows-1257, na programu yako imelifungua kama la Ulaya Magharibi, Windows-1252. Namba ndani ya faili ni zilezile, ila kila usimbaji huzipa herufi zake. Uhamisho huwa hivi daima:

ą huwa à, č huwa è, ę huwa æ, ė huwa ë, į huwa á, š huwa ð, ų huwa ø, ū huwa û, ž huwa þ.

Ąžuolas, mti wa mwaloni, kwa herufi ndogo hugeuka àþuolas. Širdis, moyo, ukiwa na š ndogo hugeuka ðirdis. Ukizijua hizo tisa kwa moyo utaitambua hitilafu hii kwa kugusa mstari mmoja tu.

Anayetumia jedwali la Kifaransa, kama wasomaji wengi wa Kongo, ana mtego wa ziada. À, è, û, ë na æ ni herufi halali kwake, jedwali lina maumbo yake, na kionyeshi hakitatoa '\x' yoyote. Atasoma kwa utulivu kitu ambacho hakipo.

Tiba: fungua faili upya ukilitajia usimbaji sahihi. Katika Notepad++, menyu ya usimbaji ina kundi la seti za herufi, na ndani yake Baltiki, kisha Windows-1257. Baada ya hapo libadilishe kuwa UTF-8 na ulihifadhi. Kwenye Linux amri ni hii:

iconv -f WINDOWS-1257 -t UTF-8 zamani.txt > jipya.txt

Kuna hali ambapo amri hiyo haisaidii: mtu alikwisha kulifungua faili kimakosa na kulihifadhi tena kwa UTF-8. Sasa è imeandikwa kama è ya kweli. Hapo unarudi nyuma hatua moja kwanza:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 bovu.txt | iconv -f WINDOWS-1257 -t UTF-8 > zima.txt

Herufi zote tisa hurudi salama kwa njia hii. Ila iconv ya kwanza katika mstari huo itagoma ikikuta alama ambayo Windows-1252 haina, dalili kwamba faili limechanganyika: sehemu nzima na sehemu bovu. Ligawe, urekebishe sehemu bovu pekee.

Mafaili ya zamani zaidi yanaweza kuwa ya ISO 8859-4 au ya DOS 775. Dalili ya ISO 8859-4 lililofunguliwa kama Windows-1257 ni ya kipekee: č inabaki salama, ū inageuka ž, ė inageuka ģ, na š inageuka tarakimu ndogo ya juu ¹. Ukiona ž kila mahali inapopaswa kuwa ū, usiendelee kutafuta.

Tahadhari moja. Kamusi na vitabu vya kufundishia Kilithuania huweka alama za mkazo, na kwa hiyo kalbà, lugha, yenye à, ni sahihi kabisa katika kamusi. Ukiirekebisha kwa amri za hapo juu utaharibu kazi ya mtu. Tofauti iko wazi: katika kamusi utakuta à na ą katika faili lilelile, lakini katika faili lililoharibika hutaikuta ą hata moja.

Kila herufi maalumu imekuwa alama mbili

Žąsis, bata bukini, inasomeka Å¾Ä…sis, ikianza kwa ž ndogo. Hapa ni kinyume cha hali iliyotangulia: faili ni la UTF-8, lakini limefunguliwa kama Windows-1252. UTF-8 huhifadhi kila moja ya herufi hizi kwa baiti mbili, na ya kwanza ni C4 au C5, ambazo kwa Windows-1252 ni Ä na Å. Ukigusa Ä na Å zimetapakaa katika maandishi ya Kilithuania, umemaliza uchunguzi.

Lifungue faili kama UTF-8, basi. Fanya hivyo mapema, kabla hujalihifadhi, kwa sababu č ina udhaifu wake hapa. Baiti yake ya pili, 8D, haina herufi yoyote katika Windows-1252, na programu nyingine huitupa kimyakimya. Š kubwa nayo hudanganya vidole: baiti yake ya pili ni A0, nafasi isiyovunjika, hivyo unagusa Å ikifuatwa na seli tupu, kama kwamba neno limekatika.

Alama zimevuliwa, herufi zimebaki tupu

Ukisoma azuolas na aciu, uliza namba. Ukiambiwa 97 mahali pa 261, herufi ilivuliwa kabla haijafika kwako. Ukiambiwa 261 lakini unagusa nukta 1 peke yake, jedwali lako ndilo linaloivua. Lipo jedwali linalofanya hivyo kwa nia njema, na tiba yake ni kulibadilisha.

Hali ya kwanza ina alama yake ya siri. Kama š na ž zimebaki salama na saba nyingine zimevuliwa, maandishi yamepitia programu ya zamani iliyoyalazimisha kuingia Windows-1252. Usimbaji huo unazo š na ž, hauna nyingine, na Windows hukarabati kwa kutafuta herufi inayofanana: ą kuwa a, č kuwa c, ė kuwa e. Kinachopotea hapo hakirudi kwa amri yoyote, kwa sababu faili halikumbuki tena a ipi ilikuwa ą. Rudi kwenye chanzo. Kama programu yenyewe ndiyo tatizo na huna budi kuitumia, nenda kwenye mipangilio ya kanda ya Windows, uweke Kilithuania kuwa lugha ya programu zisizotumia Unicode. Mashine itaanza kutumia Windows-1257 kwa programu hizo, nazo herufi zote tisa zitapita.

Alama za kuuliza mahali pa herufi ni ugonjwa huohuo katika umbo lisilo na adabu. Haziponi. Omba nakala nyingine.

Herufi ni sahihi lakini inafuatwa na seli ya ajabu

Sehemu hii ndiyo inayowachosha hata mafundi wazuri, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unicode inaruhusu ė iandikwe kwa namna mbili. Moja ni herufi kamili, namba 279. Nyingine ni e ya kawaida ikifuatwa na nukta ya juu inayojitegemea, U+0307. Kwa macho hazitofautiani. Kwa breli ya kompyuta zinatofautiana sana, kwa sababu kanuni ni alama moja seli moja: namna ya pili ina alama mbili, na jedwali likiwa halina umbo la U+0307 utapata e ikifuatwa na '\x0307'. Vivyo hivyo mkia wa ą, ę, į na ų ni U+0328, kofia iliyopinduliwa ya č, š na ž ni U+030C, na mstari wa ū ni U+0304. Maandishi ya namna hii hutoka sana kwenye PDF na kwenye majina ya mafaili yaliyotoka kompyuta za Mac.

NVDA tangu matoleo ya 2024 ina chaguo la kusawazisha Unicode, kwa sauti na kwa breli. Liwashe, na herufi zilizogawanywa zitaunganishwa kabla ya kufika kwenye jedwali. Kwa mafaili mengi ni bora kuyasawazisha mara moja:

uconv -x any-nfc chanzo.txt > safi.txt

Sasa yaja maandishi yenye mkazo. Kilithuania hutumia alama tatu za mkazo katika kamusi, na zinaweza kukaa juu ya herufi ambayo tayari ina alama yake, mathalani ą yenye mkazo juu. Unicode haikuzipa namba moja moja herufi hizo zenye alama mbili. Imeziorodhesha kama mifuatano yenye majina. Maana yake hakuna usawazishaji utakaoziunganisha ziwe seli moja. Na kuna i: kwa kanuni ya Kilithuania, i ndogo yenye mkazo hubaki na nukta yake, hivyo huweza kuandikwa kwa alama tatu, i, U+0307, kisha alama ya mkazo. Msomaji anagusa i na vitu viwili visivyojulikana nyuma yake.

Kwa mwanaisimu au mwanafunzi wa matamshi, ongeza maumbo ya alama za mkazo kwenye nakala yako ya jedwali la liblouis, kila moja na seli yake isiyotumiwa na alama nyingine, na uikague nakala hiyo kwa lou_checktable, programu ya liblouis ya kukagua majedwali, kabla ya kuitumia. Seli mbili zikipewa umbo moja, kuandika kwa breli kutaharibika, maana mashine haitajua uliikusudia ipi.

Kwa msomaji wa kawaida, mkazo unaweza kuondolewa bila dhambi, kwa sababu haumo katika maandishi ya kila siku ya Kilithuania. Lakini uondolewe kwa uangalifu: gawanya kwanza maandishi yote, futa U+0300, U+0301 na U+0303 tu, futa U+0307 pale inapofuata i, kisha unganisha tena. Programu zinazotangaza kuondoa alama zote za juu na chini zitafuta na zile tisa. Usizikaribie.

Alama za kunukuu ni jambo dogo la kundi hili. Walithuania hufungua kwa „ na kufunga kwa “. Herufi zikiwa sahihi zote lakini alama za kunukuu zikawa vituko, faili ni la ISO 8859-13 likisomwa kama Windows-1257, au kinyume chake. Herufi zote 18 zina namba zilezile katika usimbaji huo wa aina mbili. Alama za kunukuu ndizo zilizohamishwa.

Herufi inabadilika kishale kikifika juu yake

Kwanza, angalia umbo la kishale. Kwa kawaida NVDA huonyesha kishale kwa kuinua nukta 7 na 8, na huonyesha maandishi yaliyoteuliwa kwa nukta hizohizo. Katika breli ya nukta nane nukta hizo si pambo: nukta 7 ndiyo huonyesha herufi kubwa katika majedwali mengi, na nukta 8 hutofautisha herufi nyingi za ziada. Kishale kikikaa juu ya seli, kinafunika tofauti hiyo. Fanya kishale kipepese, ili kati ya mipepeso uone herufi yenyewe, au ubadilishe umbo lake. Uonyeshaji wa uteuzi nao unaweza kuzimwa.

Pili, kuna chaguo la kupanua neno lililo kwenye kishale liwe breli ya kompyuta. Ukisoma kwa jedwali la nukta sita, neno moja tu litabadilika umbo kila unaposogea. Si kosa; lizime likikusumbua, ila kumbuka kwamba ndilo linalokusaidia kusahihisha tahajia.

Unasoma vizuri lakini huwezi kuandika

NVDA ina majedwali mawili, la kuonyesha na la kuandikia, na kubadilisha moja hakubadilishi jingine. Yaweke yote mawili kwenye Kilithuania.

Ukitumia kibodi ya kawaida, jua kwamba mpangilio wa Kilithuania ulioenea huweka herufi maalumu kwenye safu ya tarakimu: 1 hutoa ą, 2 č, 3 ę, 4 ė, 5 į, 6 š, 7 ų, 8 ū, na kitufe cha sawasawa hutoa ž. Aliyeandika 135 akapata ąęį hana tatizo la breli. Tarakimu hupatikana kwa kushikilia Alt ya kulia. Upo pia mpangilio wa kiwango cha taifa, LST 1582, unaopanga herufi kwa namna nyingine, kwa hiyo muulize mwenye kompyuta aliuzoea upi.

Kwenye kompyuta ni sawa, kwenye daftari la kifaa ni ovyo

Kionyeshi kikiwa kimeunganishwa na kisoma skrini hakijui lugha yoyote. Hupokea maagizo ya nukta zipi ziinuke, basi. Lakini vifaa vingi vina daftari lao la ndani, na huko hutumia jedwali lao na mara nyingine usimbaji wao. Faili lililosomeka vizuri kupitia NVDA likiharibika ndani ya daftari, badilisha lugha ya breli katika menyu ya kifaa. Ikikosekana, lisomee kupitia kompyuta au simu. Kwenye kifaa cha seli za nukta sita, tumia jedwali la Kilithuania la nukta sita tangu mwanzo. Ukikipelekea la nukta nane, nukta 7 na 8 zitakatwa, na herufi mbili tofauti zitagusika sawa.

Kuchapa kwenye karatasi

Printa nyingi za breli hutarajia faili la BRF, ambalo hutumia alama 64 tu, moja kwa kila umbo la nukta sita. Breli ya nukta nane haiingii humo. Ukiipelekea printa faili la UTF-8 moja kwa moja, kila herufi ya Kilithuania itatoka seli mbili za takataka au haitatoka kabisa. Tafsiri kwanza kwa jedwali la nukta sita la Kilithuania, kisha toa BRF. Halafu hakikisha mpangilio wa seti ya herufi ndani ya printa yenyewe ni ule wa Amerika ya Kaskazini ambao BRF huufuata. Printa iliyonunuliwa Ulaya inaweza kuwekwa kwenye seti ya Kijerumani au ya Kifaransa, na hapo hata a hadi z zitatoka sawa huku alama za uandishi na herufi zote maalumu zikienda kombo. Chapa ukurasa mmoja, mpe msomaji wa breli ya Kilithuania auguse, ndipo uruhusu kitabu kizima.